Acheni Kuwauzia Vijana Fulufremu

Kijana wa Arusha, Morogoro au Nairobi akitamka tu kwamba anataka kupiga picha za wanyamapori, ushauri humfikia kabla hajamaliza sentensi: tafuta fulufremu. Atausikia kwa muuza kamera. Atausikia kwa mpiga picha za harusi aliyemtangulia mjini. Atausikia kwa mgeni waliyepanda naye gari moja, mwenye lenzi nyeupe ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuishika mkononi dakika tano. Kamera yenye kihisi kidogo, ataambiwa, ni ya kujifunzia tu. Picha zake zina chenga. Hakuna kambi ya kitalii itakayokupa kazi nayo. Jibane mwaka mzima, hata miwili, ununue kitu cha maana.

Ushauri huu ni mbaya, na ubaya wake hauko pembezoni. Umepindua mambo: unampeleka mtu akamwage fedha mahali zinapozaa kidogo, kisha akaukiwe pale zinapozaa sana. Matokeo yake tunayajua wote tunaoshinda na vijana hawa. Mtu ana kamera ya mamilioni, ameifunga ile lenzi ya milimita 24 hadi 105 aliyouziwa nayo, na hana nauli ya kufika Mikumi. Siku akifika, simba yuko ng'ambo ya bonde, na kwenye picha ni doa tu la rangi ya nyasi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kihisi ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, mahali ilipokuwa ikikaa filamu. Kikiwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kamera huitwa fulufremu. Vipimo hivyo havikutokana na sheria yoyote ya maumbile. Ni vya fremu ya filamu ya milimita 35, filamu ya sinema, ambayo Oskar Barnack aliigeuza itumike kwenye kamera ndogo ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925. Kamera za daraja linalofuata, APS-C, zina kihisi cha milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, na cha Canon ni kidogo zaidi, 22.3 kwa 14.9. Halafu zipo Micro Four Thirds, milimita 17.3 kwa 13. Haya makundi mawili ya mwisho ndiyo yanayodharauliwa.

Sasa chukua chui. Yuko juu ya mti Seronera, katikati ya Serengeti, mita 60 kutoka barabarani, na dereva wako hawezi kuiacha njia kwa sababu kanuni za hifadhi zinamkataza. Mita hizo 60 hazipungui kwa maombi wala kwa bakshishi. Mwili wa chui bila mkia tuuhesabu kuwa mita 1.2, na wewe una lenzi ya milimita 500. Ukiifunga kwenye fulufremu, katika umbali huo inaona upana wa mita 4.3. Ukiifunga kwenye APS-C, inaona mita 2.8. Fulufremu ya megapikseli 24, ambayo ndiyo angalau wengi wetu tungeweza kuifikia, ina pikseli 6,000 kwa upana. Katika hizo chui atapata kama 1,670. Zilizobaki ni matawi na anga, vitu ambavyo utavikata ukifika nyumbani. Nikon D500, kamera ya APS-C iliyotoka mwaka 2016, ina pikseli 5,568 kwa upana, na chui yuleyule atapata takriban 2,370. Canon R7 ya mwaka 2022, nayo ya APS-C, itampa zaidi ya 3,100.

Ongeza dau. Chukua Nikon Z9, fulufremu ya megapikseli 45 iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 5,500 bila lenzi, kamera ambayo mimi nikipewa sitaikataa. Chui atapata pikseli 2,290 hivi. Ni chini kidogo ya D500, ambayo ilitoka ikiuzwa dola 2,000 na leo mtumba wake hupatikana kwa sehemu tu ya bei hiyo. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji kalamu, na mtu asiye na kamera ya kukuuzia.

Hapa mtetezi wa fulufremu huinua kidole. Pikseli si kila kitu, atasema; kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi, ndiyo maana picha zake hazina chenga. Ni kweli kwamba kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla. Lakini mwanga wa nini? Wa matawi na anga vile ulivyokwenda kuvikata. Mwanga uliotoka mwilini mwa chui ukapita kwenye lenzi ya milimita 500 ni uleule, ufunge nyuma yake kamera ya aina yoyote. Ukiikata picha ya fulufremu mpaka chui alingane na yule wa APS-C, umeukata na ule mwanga uliokuwa unajivunia, na mkononi umebaki na kamera ya APS-C iliyonunuliwa kwa bei ya fulufremu.

Kinachoamua mwanga wa mnyama aliye mbali ni upana wa tundu la lenzi. Gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya tundu lake, utapata kipenyo. Lenzi ya 300 yenye f/4 ina tundu la milimita 75. Ya 500 yenye f/5.6, milimita 89. Ya 600 yenye f/6.3, milimita 95. Kisha njoo kwenye 600 yenye f/4: milimita 150. Hapo ndipo ilipo siri ya zile picha zinazotudondosha mate, zenye simba mkali kama amechongwa na nyuma yake nyasi zimeyeyuka kuwa rangi tupu. Aliyezipiga alikuwa na tundu la milimita 150 mbele ya kamera yake. Sony walipotoa lenzi ya namna hiyo mwaka 2019, bei yake ilikuwa dola 13,000. Kwa hiyo anayekwambia kwamba picha zake ni safi kwa sababu ya fulufremu amekusimulia habari ya dola elfu tano na kuificha ile ya dola elfu kumi na tatu. Huenda hata hajui kwamba ameificha, maana hazijawahi kutengana mkononi mwake.

Basi mpango sahihi ni kuanza na lenzi, kamera ifuate. Na upande huo wa lenzi mambo yamebadilika sana kuliko wanavyokiri wauzaji wetu. Zamani mtu asiye na uwezo alikuwa na milimita 300 za plastiki, au hana kitu. Katika miaka ya 2013 hadi 2015 ndipo zikaja lenzi ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zilizofungua mlango wa porini kwa mtu wa kawaida: Tamron ya 150 hadi 600, Sigma ya 150 hadi 600 ile nyepesi isiyofika kilo mbili, na Nikon ya 200 hadi 500 yenye f/5.6 mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotoka kwa zaidi ya dola 1,500. Baadaye Canon nao wakatoa 600 na 800 zenye f/11, mwaka 2020, kisha 100 hadi 400 yenye uzito wa gramu 635 tu, inayoingia kwenye mkoba wa kina dada. Zile za f/11 mafundi wengi walizicheka. Wacheke. Mchana wa Amboseli una mwanga wa kugawa sadaka, na milimita 800 kwa chini ya dola elfu moja si kitu cha kudharau.

Hoja ya alfajiri nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba inastahili kujibiwa peke yake. Wanyama huwinda asubuhi na jioni, husemwa, na saa hizo mwanga ni hafifu. Sawa. Lakini mageti ya hifadhi za Kenya zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa jioni, na kwetu, karibu na ikweta, kati ya kupambazuka na jua kutoka haiishi nusu saa. Giza linalobishaniwa ni la dakika chache kila upande wa siku. Ushauri mwingi tunaoukariri uliandikwa na watu wanaopiga picha za mbweha Uingereza mwezi Desemba, ambako mchana mzima unafanana na magharibi ya kwetu. Wao wana haki ya kulilia mwanga. Sisi tunaazima kilio cha watu wenye msiba mwingine.

Na hata hizo dakika chache si za kuogopwa. Mpiga picha Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za mtafiti Jane Goodall na sokwe kwa ajili ya National Geographic, kisha akaweka kambi Ndutu, kusini mwa Serengeti, akaishi huko miaka mingi; alifariki Dar es Salaam mwaka 2002. Filamu nzuri za rangi za zama zake zilikuwa za ISO 25 na ISO 64 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga), roli moja picha 36, na makosa uliyajua baada ya filamu kusafishwa. Kamera ya APS-C ya mtumba leo inapiga ISO 3200 bila kuona haya. Chenga zitakazobaki, programu za kompyuta zinazifuta. Adobe waliweka zana ya namna hiyo ndani ya Lightroom mwaka 2023, na wenzao walikuwa wametangulia. Sharti ni moja: piga kwa faili ghafi (RAW), si JPEG. Hilo kijana hahimizwi, ingawa ni la bure.

Kuna adui wa picha mkubwa kuliko chenga, na huyo hazungumzwi kabisa dukani. Kuanzia saa nne asubuhi, ardhi ikishapata moto, hewa huanza kucheza. Mnyama wa mbali huonekana yuko chini ya maji: masharubu hayapo, macho hayapo. Huo ni mtetemo wa hewa, ndugu wa mazigazi, na kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo unavyouona zaidi. Nimewaona watu wenye vifaa vya bei ya gari wakirudi kambini kulalamika kwamba lenzi imeharibika. Haikuharibika. Dawa ni kusogea karibu kwa njia halali, au kusubiri jua lipoe.

Sitaki kusema uongo kwa kuwajibu waongo. Pako mahali ambapo fulufremu inastahili kila senti. Ingia msitu wa Mahale au Gombe: sokwe yuko hatua chache mbele yako, chini ya miti iliyofunga anga, naye hatulii. Panda Bwindi kwa gorila, ambako unapewa saa moja tu na mnyama mweusi ndani ya kichaka cheusi. Hapo mnyama anajaza fremu, hukati kitu, na kihisi kikubwa chenye lenzi ya 70 hadi 200 ya f/2.8 kinakupa mwanga ambao APS-C haina. Nakubali bila kuvutwa sikio.

Mpiga picha Nick Brandt ni mfano wa upande huohuo. Picha zake za tembo na simba wa Afrika Mashariki, zilizoanza kukusanywa kitabuni mwaka 2005 katika On This Earth, alizipiga kwa Pentax 67, kamera ya filamu ambayo fremu yake ni kubwa kuliko fulufremu. Watetezi wa ukubwa hupenda kumtaja. Husahau kuongeza kwamba hakutumia lenzi za kuvuta mbali. Alikaa na mnyama mpaka mnyama akamzoea na kusogea, naye akampiga kama mtu anavyopiga picha ya mzee wa ukoo aliyeketi mbele yake. Fremu kubwa ilimlipa kwa sababu aliijaza. Wewe mwenye siku moja ya Serengeti, gari la kuchangia, na chui wa mita 60, utaijaza na nini?

Hoja ya kuchapisha picha kubwa naipitia haraka, maana haina mwili. Ukurasa wa A3 uliochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 4,961 kwa 3,508, yaani megapikseli 17.4. Kila kamera ya dijitali niliyoitaja hapa inazo. Na picha nyingi za kijana huyu zitaishia Instagram, upana wa pikseli 1,080.

Inayouma zaidi ni hoja ya heshima. Nimeambiwa, tena na watu ninaowathamini, kwamba mwenye kambi akikuona na kamera ndogo hakupi kazi, na kwamba siku zote rahisi ni ghali. Juu ya heshima, sina ushahidi wa kuwabishia: wapo waajiri wanaopima mtu kwa unene wa lenzi kabla hawajaona picha moja. Lakini angalieni wanachopima. Ni lenzi. Hakuna mteja anayejua, kwa kutazama kamera iliyozibwa na Sigma ya 150 hadi 600, kihisi kilichomo ndani kina upana gani. Na mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, kama lile linaloendeshwa na Natural History Museum ya London, humtaka mshindani alete faili ghafi ili picha ihakikiwe. Risiti ya kamera hawaiulizi.

Ama hiyo methali ya rahisi ni ghali, iko sahihi, ila imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Kilicho ghali ni kamera mpya. Thamani yake huporomoka kila mtindo mwingine unapotoka, na mitindo hutoka kila baada ya miaka michache. Lenzi huzeeka polepole mno. Canon ya milimita 400 yenye f/5.6 ilitoka mwaka 1993. Mpaka leo ukiipata haina kuvu, unaifunga kwa adapta kwenye kamera mpya kabisa ya Canon nayo inafokasi. Anayetaka fedha yake idumu aizike kwenye kioo.

Nimetaja kuvu makusudi, kwa ajili ya wasomaji wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu. Unyevunyevu wa pwani unaua lenzi nyingi kuliko tembo. Kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui, na mtumba wa pwani usinunuliwe kabla hujaumulika kwa tochi kutoka nyuma. Tunza vifaa kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika. Kwa kamera ya mtumba, uliza imeshapiga picha ngapi: shata ya D500 au ya Canon 7D Mark II ilitengenezwa kuhimili mibofyo 200,000, na iliyofika elfu sitini bado ni mbichi.

Bara tatizo ni vumbi. Vumbi la Ndutu ni jivu la volkano, laini kama poda, na ukibadilisha lenzi ndani ya gari umelikaribisha ndani ya kamera. Ndiyo maana nasema, na hapa najua nitapingwa, kwamba kamera mbili za bei ndogo ni bora kuliko moja ya bei kubwa. Moja inakaa na lenzi ndefu tangu asubuhi. Ya pili inakaa na lenzi fupi, kwa sababu tembo wa Tarangire ana tabia ya kutokea ubavuni mwa gari wakati wewe una milimita 600 na unachoweza kupiga ni jicho lake tu. Na moja ikizima, safari haijaisha. Mwenye kamera moja ya dola 5,500 iliyogoma mchana wa kwanza ni mtalii wa kawaida, tena mwenye hasira.

Kipo kitu kimoja kwenye kamera mpya ambacho sikibezi: uwezo wa kulitambua jicho la mnyama na kuling'ang'ania. Kwa furukombe anayeshuka majini au keremkerem anayeruka kwenye kingo za Rufiji, jambo hili limeleta picha ambazo zamani zilitegemea bahati na mkono wa fundi. Kama una fedha ya ziada kidogo, iweke hapo. Lakini msiliunganishe na fulufremu, kwa maana haliko huko peke yake. Canon R7 na R10 za mwaka 2022 zinalo. Sony A6700 ya mwaka 2023 inalo. Nikon Z50II ya mwaka 2024 inalo. Zote ni APS-C. Mtu akitaka kujizoeza, aende soko la samaki Feri, Dar es Salaam, awafuatilie mwewe wanaopita juu ya vichwa vya watu. Mwewe hana kiingilio.

Suala la umbali lina upande mwingine, nao si wa kiufundi. Mwenye lenzi fupi humsukuma dereva: sogea, sogea kidogo, pita hapo kwenye nyasi. Dereva ana watoto wa kusomesha na anahitaji bakshishi, basi anasogea. Mtafiti Femke Broekhuis aliwachunguza duma wa Maasai Mara, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2018 alikuta kwamba kwenye maeneo yenye watalii wengi, mama duma alikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa uzazi mmoja hadi wakajitegemea. Penye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Sisemi kwamba lenzi ya 105 ndiyo inayoua duma. Nasema anayemshauri kijana atumie akiba yake yote kwenye kihisi na kumwacha na lenzi fupi, anampeleka porini akiwa na sababu ya kusogea mahali asipotakiwa. Milimita 600 za bei nafuu zinamwezesha kubaki njiani, injini imezimwa, lenzi imelala juu ya kifuko cha kitambaa kilichojazwa mchele kwenye ukingo wa dirisha. Kifuko hicho fundi cherehani anakushonea kwa fedha ya chai. Ukisafiri kwa ndege ndogo, zile zenye kikomo cha mizigo cha kilo 15, unakibeba kitupu na mchele unaununua unakokwenda.

Narudi kwenye fedha, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Tofauti kati ya kamera ya dola 5,500 na APS-C ya mtumba ni siku nyingi sana za porini kwa mwananchi. Mgeni analipa kiingilio kwa dola. Sisi tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na chake. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, iko ubavuni mwa jiji tangu mwaka 1946. Mikumi inapitwa na barabara kuu ya kwenda Iringa. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kupanda treni hadi Morogoro na kuchangia gari na wenzake. Huo ndio ubora pekee tulio nao juu ya mgeni mwenye lenzi nyeupe: yeye ana wiki moja, sisi tuna miaka. Michael Nichols, aliyeshinda taji kuu la shindano hilo la London mwaka 2014 kwa picha ya simba wa Serengeti wamelala juu ya mwamba, alikuwa amelifuata kundi hilo, kundi la Vumbi, kwa karibu miezi sita mpaka wakamzoea. Yule alikuwa na vifaa vyote duniani, pamoja na taa za infraredi na kigari cha kuongozwa kwa rimoti. Bado alihitaji miezi sita. Kijana aliyemaliza akiba kwenye kamera hana hata wikendi sita.

Na kuna ujuzi ambao haupo kwenye kihisi cha ukubwa wowote. Kujua kwamba duma akipanda kichuguu anatafuta, hajapumzika. Kujua kwamba furukombe akijisaidia yuko karibu kuruka. Kujua upande wa kuegesha gari ili jua liwe mgongoni mwako. Madereva wetu wanayajua haya kuliko wateja wao, na wengi wao, wakiwa na kamera ndogo ya kuvuta waliyoachiwa na mgeni, wanarudi na picha ambazo mwenye fulufremu hakuziona kwa sababu alikuwa ameinama akisoma menyu.

Basi nawaomba wauzaji, walimu na wote mnaoombwa ushauri. Kijana akija, kabla hamjataja jina la kamera, muulizeni anataka kupiga mnyama gani, wapi, na kutoka umbali gani. Akijibu ndege wa Manyara au chui wa Seronera, mtoleeni lenzi inayofika milimita 600 na kamera ya APS-C ya mtumba, na mumwambie chenji iliyobaki ni ya kiingilio na mafuta. Akijibu sokwe wa Mahale, hapo muuzieni fulufremu.